Kambi ya Wheelus: Je, kweli Gaddafi ndiye aliyewafukuza Wamarekani Libya?

Swali kutoka kwa msomaji wa Mwanza: "Shikamoo mwalimu. Babu yangu husimulia kwamba ndege ya Gaddafi iliyokuja kutupiga mabomu hapa Mwanza wakati wa vita vya Kagera ilitoka kwenye kambi kubwa iliyojengwa na Wamarekani huko Tripoli, na kwamba Gaddafi aliwatoa Wamarekani hao kwa mtutu wa bunduki mara tu alipopindua serikali. Wenzangu wanasema hizo ni hadithi za kijiweni. Naomba historia ya kambi hiyo. Ukweli ni upi?"

Marahaba. Waambie wenzako wampunguzie mzee maneno, maana kiini cha simulizi yake kipo. Kambi ilikuwepo, Wamarekani waliiita Wheelus, nao walikaa hapo zaidi ya miaka ishirini. Ndege za aina iliyokuja Mwanza zilikuwa na makao yake pale. Penye kasoro ni pawili. Walioanza kuijenga si Wamarekani, na habari ya mtutu wa bunduki ni tamu kuliko ilivyokuwa. Mimi nimeamini kwa muda mrefu kwamba kilichowaondoa Wamarekani Libya kilitoka ardhini, tena kilianza kutoka Gaddafi akiwa bado kijana wa shule. Nakusudia mafuta.

Tuanze na ardhi yenyewe. Kilomita chache mashariki ya jiji la Tripoli, ufukweni kabisa mwa Bahari ya Mediterania, kuna uwanda tambarare ulio kando ya bwawa la chumvi. Waitaliano, waliovamia Libya mwaka 1911, walijenga kituo cha jeshi lao la anga hapo mwaka 1923 wakakiita Mellaha. Maeneo hayo ya viunga vya Tripoli yana sifa moja nzito katika historia ya vita: ni hapo, Ain Zara na Tajura, ambapo tarehe 1 Novemba 1911 rubani Mwitaliano Giulio Gavotti alirusha mabomu madogo kwa mkono kutoka kwenye ndege yake. Ndilo shambulio la kwanza la mabomu kutoka kwenye ndege linalotajwa katika historia, na walioshambuliwa walikuwa Waarabu na Waturuki waliokuwa wakiupinga uvamizi. Kwa hiyo anga ya Tripoli ilishaonja mabomu kabla hata uwanja haujajengwa.

Miaka ya 1930 pakazungushwa barabara ya mashindano ya magari pembeni ya kituo hicho, na Tripoli Grand Prix ikawa moja ya mashindano ya kasi kubwa kabisa duniani. Matajiri wa Ulaya walivuka bahari kuja kutazama Mercedes za Wajerumani zikishinda. Wenye nchi walitazama kwa mbali.

Vita Kuu ya Pili ikafagia yote hayo. Majeshi ya Uingereza yaliingia Tripoli tarehe 23 Januari 1943, na jeshi la anga la Marekani likaanza kuutumia uwanja. Mwezi Mei 1945 wakaupa jina la Richard Wheelus, luteni wao aliyefariki katika ajali ya ndege huko Iran mwanzoni mwa mwaka huo. Unaona jinsi jina linavyoweza kusafiri: kijana wa Kimarekani anafia Iran, anakumbukwa Libya. Mwaka 1947 walifunga virago, lakini uhasama na Urusi ulikuwa umeshaanza kupamba moto, na mwaka 1948 wakarudi.

Wakati huo Libya haikuwa nchi bado. Uingereza ilishika mikoa ya Tripolitania na Cyrenaica, Ufaransa ikashika mkoa wa Fezzan, na wakubwa wakavutana juu ya nani arithi nini. Mwaka 1949 mawaziri wa mambo ya nje wa Uingereza na Italia, Bevin na Sforza, walileta mpango wa kuigawa nchi mapande matatu chini ya udhamini wa mataifa matatu kwa miaka kumi, huku Tripolitania ikirudishwa kwa Italia ileile. Ulipopigiwa kura Umoja wa Mataifa mwezi Mei, kipengele cha Tripolitania kilipungukiwa kura moja tu kufikia theluthi mbili. Kura iliyokikwamisha hukumbukwa kuwa ya mjumbe wa Haiti, Émile Saint-Lot, na Walibya hawakumsahau. Mpango mzima ukaanguka. Novemba mwaka huohuo Baraza Kuu likaamua kwamba Libya iwe huru kabla ya Januari 1952.

Hapa kuna jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita, nami nalipenda kwa sababu linaonyesha siasa za kambi zinavyokwenda. Marekani iliunga mkono uhuru wa Libya, na haikuwa kwa huruma peke yake. Nchi iliyo chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa ina macho mengi juu yake, Urusi ikiwemo, na kuweka kambi ya kijeshi humo ni kazi. Nchi huru, hasa iliyo maskini, unakaa na mfalme wake mezani mkaandikiana mkataba. Henry Villard, mwakilishi wa kwanza wa Marekani katika Libya huru, baadaye aliliandika hilo bila kuficha. Siku yenyewe ya uhuru, tarehe 24 Desemba 1951, mkataba wa awali wa kambi ulitiwa saini.

Na umaskini wa Libya wakati huo haukuwa wa kuigiza. Miongoni mwa bidhaa zake kubwa za kuuza nje ilikuwa chuma chakavu, yaani mabaki ya vifaru na magari yaliyoachwa jangwani na majeshi ya Wajerumani na Waingereza, pamoja na majani ya esparto yanayotengenezewa karatasi. Mfalme Idris hakuwa na cha kuweka rehani zaidi ya mahali nchi yake ilipokaa kwenye ramani, na akaitumia ramani hiyo vizuri. Mwaka 1953 aliwapa Waingereza mkataba wa miaka ishirini. Septemba 1954 waziri mkuu wake, Mustafa Ben Halim, akakamilisha mkataba na Marekani: Wheelus ibaki mikononi mwao hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, nao walipe takriban dola milioni 4 kwa mwaka kwa miaka ya mwanzo, mbali na misaada mingine kama nafaka. Kwa serikali isiyo na mapato, fedha hiyo ilikuwa mishahara ya walimu na makarani.

Sasa, kambi ilikuwa ya nini? Mwanzoni ilikuwa kituo cha ndege kubwa za mabomu za Marekani, zile zilizotarajiwa kuruka hadi Urusi siku ambayo vita vya nyuklia vingelipuka. Ndege za miaka ile hazikuweza kutoka Marekani, kupiga na kurudi bila kutua njiani, ndiyo maana Marekani ilijizungushia viwanja kutoka Greenland hadi Morocco na Libya. Makombora ya masafa marefu yalipoanza kuchukua kazi hiyo, Wheelus ikabadilika kuwa darasa. Ulaya ina mawingu, mvua na watu wengi. Huwezi kufundisha rubani kulenga shabaha juu ya mashamba ya viazi ya Wajerumani. Libya ilikuwa na anga safi karibu mwaka mzima na jangwa lisilo na mtu. Vikosi vilivyokaa Ujerumani na Uingereza vilikuja kwa zamu, marubani wakitua Wheelus na kwenda kupiga mabomu ya mazoezi kwenye uwanja wa shabaha wa El Uotia, kusini-magharibi ya Tripoli. Miongoni mwao walikuwa marubani wa kikosi cha 48 kutoka kituo cha Lakenheath, Uingereza. Kiweke kichwani kikosi hicho.

Katika miaka yake ya neema, kambi na familia za askari zilifikia watu wapatao 15,000. Palikuwa na hospitali kubwa, shule ya sekondari ya watoto wa wanajeshi, sinema, klabu ya ufukweni, redio na televisheni yao. Balozi mmoja wa Marekani aliifananisha na Marekani ndogo iliyowekwa pwani ya Mediterania. Walibya wengi walipata ajira humo, na wengi zaidi waliishi nje ya ua wakisikia ngurumo za ndege mchana kutwa. Ukitaka kujua chuki dhidi ya kambi za kigeni huzaliwaje, usitafute kwenye vitabu vya itikadi kwanza. Tafuta pale uani, ambapo bomba la maji halikauki upande mmoja na upande wa pili watu wanapanga ndoo.

Kisha mwaka 1959 kampuni ya Esso ikapata mafuta Zelten. Mwaka 1961 meli ya kwanza ikapakia katika bandari ya Marsa el Brega. Kufikia 1969 mapato ya serikali kutokana na mafuta yalikuwa yamepita dola bilioni 1 kwa mwaka. Iweke hiyo kando ya zile dola milioni 4, ambazo zaidi ya hapo mkataba uliruhusu zipungue baada ya miaka ya mwanzo. Kodi ya pango iliyomlisha mfalme mwaka 1954 haikuweza hata kumlipia sherehe miaka kumi na mitano baadaye. Kilichokuwa riziki kikageuka aibu tupu: kambi ya kigeni isiyo na faida, katikati ya Waarabu waliokuwa wakisikiliza redio ya Cairo kila usiku.

Na redio ya Cairo haikunyamaza. Februari 1964 Nasser, rais wa Misri, alisimama hadharani na kudai kambi za Libya zifungwe. Wanafunzi wa Benghazi walikuwa wameshaingia mitaani mwezi mmoja kabla. Serikali ya mfalme ikatangaza kwamba haitaongeza muda wa mikataba, na mwaka huohuo Marekani na Uingereza zikakubali kimsingi kuondoka. Waingereza walitoa askari wao Tripoli mwaka 1966, wakabakiza El Adem karibu na Tobruk. Vita vya Juni 1967 kati ya Israeli na nchi za Kiarabu vikamwaga petroli kwenye moto: Cairo ilidai ndege za Marekani na Uingereza zimeisaidia Israeli, macho yote yakageukia Wheelus, na Tripoli ikachafuka. Familia za Wamarekani zikasafirishwa haraka kutoka nchini. Wayahudi wa Tripoli, jamii iliyokaa hapo tangu enzi za Warumi, waliuawa na kuporwa, na karibu wote waliobaki wakakimbilia Italia. Hawakuwa na lolote na kambi wala na mabomu ya Sinai, lakini wao ndio waliolipa gharama kubwa kuliko Mmarekani yeyote.

Kwa hiyo Gaddafi alipopindua tarehe 1 Septemba 1969, akiwa na umri wa miaka 27, mfalme yuko Uturuki kwa matibabu, alikuta kuni zimeshakatwa na maji yameshabandikwa. Mkataba ulikuwa unaelekea ukingoni. Wamarekani walishakubali kwamba hautaongezwa. Alichofanya Gaddafi, na nampa haki yake, ni kukataa kusubiri. Mazoezi ya ndege yalisimamishwa mara moja baada ya mapinduzi. Mazungumzo yakafanyika Desemba, wakakubaliana Wamarekani waondoke kabla ya mwisho wa Juni 1970.

Mbona Washington haikubisha? Nchi yenye manowari na ndege za kila aina ingeweza kuvuta miguu. Walipima. Uwanja wa mazoezi ungeweza kupatikana kwingine, na kweli walihamia Zaragoza, Hispania. Lakini makampuni ya Kimarekani ndiyo yaliyokuwa yakichimba sehemu kubwa ya mafuta ya Libya, zaidi ya mapipa milioni 3 kwa siku kufikia 1970, na Mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa tangu 1967, hivyo mafuta ya Libya yaliyokuwa upande wa Ulaya wa mfereji yalikuwa dhahabu. Kugombana na vijana wapya kwa ajili ya kambi ambayo ingeachwa tu baada ya muda mfupi kungekuwa kuchoma shamba kwa kumfukuza panya. Wakaiachia Wheelus wakitumaini kubaki na visima. (Visima navyo vilikuja kuwaponyoka, lakini hiyo ni habari nyingine.)

Hiyo bunduki ya simulizi ya babu yako naijua inakotoka. Kamanda wa Wheelus wakati huo alikuwa Kanali Daniel James, aliyejulikana kama Chappie, Mmarekani mweusi, pandikizi la mtu. Mwenyewe alisimulia kwamba siku moja Gaddafi aliingiza magari ya deraya kambini kwa kasi, na James akaenda getini kumkabili. Gaddafi alikuwa ameweka mkono kwenye bastola yake ya kiunoni, James naye ana yake, akamwambia autoe mkono wake hapo. Akautoa. Hakuna risasi iliyolia. Msimulizi mkuu wa kisa hiki ni mhusika mwenyewe, na askari wa anga ni watu wa kunogesha, kwa hiyo mimi hukipokea kama ninavyopokea hadithi za wavuvi. Lakini hata ukikikubali neno kwa neno, kinaonyesha Gaddafi akizuiwa mlangoni. James alipanda hadi kuwa jenerali wa nyota nne mwaka 1975, Mmarekani mweusi wa kwanza kufikia cheo hicho.

Bendera ya Marekani ilishushwa tarehe 11 Juni 1970. Waingereza walikuwa wameshaondoka El Adem tarehe 28 Machi. Gaddafi akazifanya siku zote mbili kuwa sikukuu za taifa, na hapo ndipo simulizi ya "niliwafukuza" ilipopata gwaride lake la kila mwaka. Mtu akisherehekea kila mwaka kwa miaka arobaini, nani atakumbuka kwamba mfalme aliyepinduliwa alishatangaza kuwa mikataba haitaongezwa?

Kambi ikapewa jina la Okba bin Nafi, amiri jeshi Mwarabu wa karne ya 7 aliyeanzisha mji wa Kairouan. Fedha za mafuta zikaanza kuijaza ndege. Ufaransa iliuza Mirage 110. Kutoka Urusi zikaja MiG, kisha ndege za mabomu za Tu-22, zilizoweza kuruka kwa kasi kuliko sauti. Hizi ndizo zinazokuhusu.

Mapema mwaka 1979 JWTZ ilikuwa imeingia ndani ya Uganda ikimsukuma nduli Amin. Gaddafi alituma askari kumwokoa, na akamtumia Mwalimu Nyerere onyo la saa 24: ondoa majeshi, au Libya itaingia vitani. Mwalimu akalitangaza onyo hilo kwa Watanzania na kusema kwamba kuingia kwa Libya hakubadilishi chochote katika msimamo wetu juu ya Amin. Tarehe 29 Machi, Tu-22 moja ya Libya ikaruka kuelekea Mwanza, inasemekana ikilenga maghala ya mafuta. Mabomu yalikosa mji mzima. Yalianguka kisiwani Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama, yakaua swala kadhaa na kumjeruhi mfanyakazi mmoja. Siku tatu baadaye ndege za Tanzania zikajibu kwa kushambulia maeneo ya Uganda, Kampala na Entebbe yakiwemo.

Hapa ndipo pa kumrekebisha mzee kwa adabu. Kikosi cha Tu-22 kilikuwa na makao yake Okba bin Nafi, yaani Wheelus ya zamani, lakini shambulio lenyewe halikutokea huko. Tripoli hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 4,000 kwa mstari ulionyooka, na Tu-22 haina uwezo wa kwenda na kurudi umbali huo bila kuongezwa mafuta. Ndege hizo zilihamishiwa kwanza Nakasongola, kaskazini ya Kampala, na ndiko ilikoruka ile ya Mwanza. Kwa hiyo babu akisema "ilitoka kambi ya Wamarekani Tripoli", makao yake amepatia, safari ya siku hiyo amekosea.

Sasa kile kikosi cha 48 nilichokuomba ukikumbuke. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1986 Rais Reagan aliamuru Libya ishambuliwe, baada ya bomu lililowaua na kuwajeruhi askari wa Marekani katika klabu ya usiku Berlin Magharibi. Ndege za F-111 zilizopiga Tripoli zilitoka Lakenheath, za kikosi hichohicho ambacho marubani wake wa miaka ya 1960 walikuwa wakija Wheelus kujifunza kulenga shabaha. Ufaransa na Hispania zilikataa zisipite juu ya nchi zao, hivyo zikalazimika kuzunguka kwa bahari na kuingia Mediterania kupitia Gibraltar, zikinyweshwa mafuta angani mara kadhaa, safari ya saa kumi na tatu hivi kwenda na kurudi. Ukitafuta mahali pa kupima thamani halisi ya kambi iliyopotea, pima hapo.

Mwaka 1995 uwanja ukafunguliwa kwa ndege za kiraia kwa jina la Mitiga. Julai 2014 wanamgambo walipigania uwanja mkuu wa kimataifa wa Tripoli hadi wakauharibu usitumike, na Mitiga, isiyojengwa kwa ajili ya abiria, ikawa lango la jiji. Kikosi kinachoitwa Rada kiliushika, na gereza lake likawa ndani ya eneo hilohilo. Januari 2018 wapiganaji walishambulia gereza hilo. Watu wapatao 20 wakafa na ndege za abiria zikatobolewa kwa risasi. Jenerali Haftar, mbabe wa kivita wa mashariki ya Libya, alipoizingira Tripoli kuanzia Aprili 2019, uwanja ukapigwa kwa ndege na makombora mara kwa mara, na kila ulipofungwa abiria walipelekwa Misrata, zaidi ya kilomita 200 kwa barabara. Mapigano yale yalipokoma mwaka 2020, safari zikarudi Mitiga.